Reale ya Marehemu

Mke wangu aliingia nyumbani kwangu Mtongwe na sanduku la nguo, mkeka wa ukili na reale moja ya fedha shingoni. Sanduku lililiwa na mchwa. Mkeka ulichakaa, tukanunua mwingine, na baadaye mwingine tena. Reale ilibaki. Kwa zaidi ya miaka arubaini nimekuwa nikiamka kwa sala ya alfajiri, nawasha taa, na kitu cha kwanza kung'aa ni sarafu ile iliyolala juu ya kanga yake, kama jicho la mtu wa tatu chumbani mwetu.

Sikuitoa mimi. Aliitoa mume wake wa kwanza.

Alhamdulillahi, sina la kulalamika katika ndoa hii. Mungu alinipa mke mwenye heshima na ulimi mkali kidogo, watoto watano, wajukuu nisiowamaliza kuwataja, na afya ya kuniwezesha kusomesha darsa ya magharibi mpaka leo. Mwenye neema zote hizo hafai kuionea wivu sarafu. Hilo nalijua, na nimewaeleza wengine mara nyingi kwamba wivu huzila thawabu za mtu. Wanafunzi wangu huitikia kwa vichwa, nami hurudi nyumbani, na mke wangu hunifungulia mlango akiwa na malkia wa Kizungu kifuani.

Kwa asiyeijua, reale ni sarafu ya fedha, pana kuliko shilingi yoyote ya leo, nene, nzito mkononi. Upande mmoja kuna mwanamke mnene aliyejifunika ushungi mdogo, kifua chake kimeachwa wazi kuliko inavyofaa, na begani ana pambo la lulu. Upande wa pili kuna tai mwenye vichwa viwili. Wazee wetu waliiita reale ya Shamu, ingawa haikutoka Shamu. Mwanamke yule alikuwa malkia wa nchi moja ya ndani huko Ulaya. Alikufa zamani sana, lakini sarafu yake haikukubali kufa. Iliendelea kufuliwa kwa sura ile ile na mwaka ule ule, maana watu wa pande hizi za dunia walikuwa wameizoea na hawakutaka nyingine.

Haya yote niliyajua kutoka kwa mke wangu, naye aliyajua kutoka kwa marehemu. Hapo ndipo penye mwiba.

Marehemu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Walioana mke wangu akiwa msichana, wakakaa pamoja muda usiotimia miaka mitatu, na muda mwingi katika huo yeye alikuwa safarini. Mahari yake yalikuwa pesa kidogo na reale hiyo aliyoinunua Aden, akaitoboa na kuitia mkufu huko huko. Aliugua kwenye safari, akafia Jibuti, na huko ndiko alikozikwa. Hawakujaaliwa mtoto. Mke wangu aliivua reale akakaa eda, na eda ilipokwisha akaivaa tena. Mimi nilipokwenda kumposa alikuwa nayo, na siku ya harusi yetu alikuwa nayo.

Mimi nilitoa mahari ya shilingi, na kwa wakati ule hazikuwa haba. Alizinunulia cherehani. Cherehani ilitushonea sare za watoto, ikaharibika, ikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu aliyepita na mkokoteni. Mahari yangu yaliondoka kwa mkokoteni. Ya mwenzangu yalibaki shingoni.

Wala sikuwa na njia ya kusema. Mke akishapewa mahari ni mali yake. Mume hana mkono ndani yake, sembuse mume wa pili. Suala hili nimelisomesha zaidi ya lolote. Kila nilipotaka kumwambia, "Bibi, si uiweke sandukuni hiyo," elimu yangu mwenyewe ilinishika ulimi.

Yeye alikuwa akiniona.

"Maalim," aliniambia siku moja akichambua mchele, "waniangalia mimi, ama wamuangalia malkia?"

"Naangalia mchele una mawe."

"Mawe yako kwenye moyo wako, si kwenye mchele wangu."

Kama reale ingekuwa pambo tu, huenda ningeizoea. Lakini ilikuwa na kazi, na kila kazi ilikuwa na hadithi, na kila hadithi ilianza kwa maneno yale yale: "Marehemu alikuwa akisema." Mtoto akianguka akavimba paji la uso, mama yake alimkandamiza reale baridi pale penye uvimbe na kumsimulia, ili anyamaze, kwamba kule Uhabeshi wachunga ng'ombe hawapokei reale mpaka wahesabu lulu za begani kwa malkia. Moja ikiwa imefutika, hurudisha sarafu na kumfukuza mfanyabiashara na kahawa yake. Alipouza viungo hapa nyumbani, aliitumia reale kama jiwe la wakia kwenye mizani, nao wateja walisimuliwa kwamba Yemen wenyeji huiita reale ya Kifaransa, na Wafaransa hawana habari nayo. Kwamba Waarabu wengine huiita Baba wa Ndege kwa ajili ya yule tai. Kwamba milimani nyuma ya Aden, baba wa binti hukusanya reale mkobani, na arusi ikikaribia humpelekea mfua fedha naye huziyeyusha, na bibi arusi hutoka amevaa malkia mia bila sura hata moja kuonekana. Kwamba Maskati huzitia kwenye kidani zikiwa nzima, na mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa hupewa moja aishike, kwa kuwa malkia yule mnene anaonekana amezaa sana.

Watoto wangu walijifunza nchi za dunia kwa mdomo wa mtu ambaye si baba yao. Mwanangu wa kwanza aliulizwa shuleni mji wa Aden uko wapi, akajibu sawasawa, akapewa sifa. Alikuja mbio kunieleza. Nilimpongeza. Kisha nikaenda msikitini mapema kuliko kawaida.

Mimi sikusafiri. Nilikwenda Makka mara moja, kwa ndege, kwa fadhila ya Mungu, na niliporudi nilikuwa na hadithi zangu. Mke wangu alizisikiliza kwa adabu. Nilipofika kwenye habari za sokoni Jidda aliniuliza, "Na reale uliziona?" Nikamwambia sikwenda kutafuta reale, nilikwenda kuhiji. Akasema, "Marehemu alikuwa akisema Jidda mahujaji wa zamani walilipa kwa reale." Nikala halua yangu.

Kuna mwaka nilishikwa na homa ile ya kuvunja viungo iliyozagaa Likoni nzima. Nililala siwezi hata kugeuka. Nikahisi kitu cha baridi kimetua juu ya paji la uso, baridi tamu ya kushukuriwa. Nikafumbua macho nikaona mkufu unaning'inia mbele yangu. Alikuwa ameinama juu yangu bila kuivua, reale ya marehemu imenikaa usoni. Nilitaka kusema iondoe. Lakini homa ilikuwa kali, na fedha ilikuwa baridi, nikafumba macho. Alipoinuka kwenda kuchota maji nilitamani arudi upesi, na mpaka leo sijui nilimtamani yeye au ile sarafu.

Kubwa zaidi lilikuwa suala la Akhera. Wanachuoni wamekhitilafiana kuhusu mwanamke aliyeolewa na waume wawili, na wote wakaingia Peponi: atakuwa na nani? Wako wanaosema atakuwa na mume wake wa mwisho. Wako wanaosema atahiyarishwa, achague mwenyewe. Na wako wanaosema atakuwa na yule aliyekuwa na tabia njema zaidi kwake. Katika darsa nimeziweka rai zote tatu kwa uadilifu, kama inavyompasa mwalimu, ila ile ya mume wa mwisho nimekuwa nikiitolea hoja nyingi zaidi kuliko nyenzake. Siku moja mke wangu, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia pamoja na wanawake wenziwe, aliniuliza tukiwa njiani kurudi:

"Maalim, na ile rai ya tabia njema, mbona umeipita mbio?"

"Muda ulikuwa umekwisha. Adhana ilikuwa karibu."

"Aa. Mimi nilidhani ndiyo yenye nguvu."

"Wataka nini hasa, Bibi?"

"Sitaki kitu. Nakwambia tu ujitahidi na tabia."

Alicheka mpaka nyumbani. Nami tangu siku hiyo, kila Ijumaa, nimekuwa nikimwombea marehemu dua kwa jina lake, kimya, na sikumwambia mtu. Nilidhani nikimwombea wivu utapungua. Uliongezeka, kwa sababu sasa nilikuwa namkumbuka kwa ratiba.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka mwaka huu, mjukuu wetu mkubwa alipotaka kuoa.

Huyu mjukuu anapakia mizigo kule uwanja wa ndege, amepanga chumba Port Reitz, kijana mtulivu. Binti aliyemtaka ni wa Mjambere, mwalimu wa chekechea, baba yake alifanya kazi kiwanda cha saruji mpaka akastaafu. Watu wa dini, watu wema. Idi iliyopita binti alikuja kututembelea na shangazi yake. Alitupa shikamoo zake vizuri, akakaa miguuni pa mke wangu, na mara nikaona ameishika reale, anaigeuzageuza.

"Bibi, hii ni pesa ama ni pambo?"

"Ni pesa, ni pambo, ni jiwe la mizani, na ni dawa," akasema mke wangu. "Sogea nikwambie. Marehemu alikuwa akisema..."

Nikatoka nje kutazama kuku.

Wiki chache baadaye mjukuu alikuja, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Babu, nimeletewa jawabu la mahari. Hataki pesa."

"Hataki pesa? Basi mshukuru Mungu ukamuoe leo leo, kabla hajazinduka."

"Asema ataka reale. Reale ya fedha kama ya bibi."

Niliomba nirudiwe. Akarudia. Mke wangu alikuwa jikoni, nikasikia upawa umesimama kugonga sufuria.

Akatoka akijifuta mikono. Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa msichana. "Kama ya bibi ni ya bibi," akasema. "Nitampa hii. Mjukuu wangu ataoa kwa reale yangu. Mimi naipeleka wapi, kaburini?"

Hapa naomba msomaji anielewe. Miaka yote nilitaka sarafu ile itoke shingoni mwa mke wangu, na sasa ilikuwa inatoka. Lakini ingetoka kwa njia gani? Mimi ndiye mzee wa nyumba. Siku ya nikaha mimi ndiye nitakayekaa mbele ya walii na mashahidi, niyataje mahari, niyatoe mfukoni mwangu. Nyumba yangu ingemuoza kijana wake kwa fedha ya mtu mwingine. Na binti yule angeivaa, angenizalia vitukuu, na wao nao wangesimuliwa habari za Aden na Jibuti na lulu za malkia, na mimi nisiwemo popote katika hadithi hiyo. Ningekuwa nimemtoa marehemu kwenye shingo moja ili nimkaribishe kwenye ukoo mzima.

"Kasema *kama* ya bibi," nikasema. "Hakusema hiyo. Nitamtafutia nyingine."

Mke wangu alimalizia kufuta mikono kwenye kanga. "Itafute, Maalim," akasema, na akarudi jikoni.

Nilivuka kwenda kisiwani kwa sonara mmoja, mzee wa Kihindi ambaye babu yake alikuwa na duka lile lile. Nilipomwambia nataka reale ya mahari alinitazama juu ya miwani.

"Maalim, waoa tena?"

"Mjukuu."

"Pole. Nilitaka kukupongeza."

Alitoa kisahani chenye reale tatu. Alizidondosha moja moja juu ya kipande cha marumaru na kusikiliza mlio. Moja ililia kama kifuniko cha birika, akaitupa pembeni. Mbili zililia kwa sauti ndefu, safi. Nilimwomba nihesabu lulu za begani. Akashangaa nimejuaje. Naijua sura ya malkia yule kuliko sura za shangazi zangu.

"Hii imetoka wapi?" nikamuuliza, nikiwa nimeishika iliyo safi zaidi.

"Nani ajuaye? Zilifuliwa kwa malkia mwenyewe. Kisha zikafuliwa Roma, London, Paris. Hata Bombay, kwa babu zangu. Sura moja, mwaka mmoja."

"Na mtu aliyenunua yake Aden?"

"Aden ni sokoni tu. Yaweza kuwa ya Bombay. Mradi fedha yake iwe ya kweli, hakuna mtoto wa ndani wala mtoto wa nje."

Nilifurahi furaha isiyomstahiki mtu mwenye ndevu nyeupe. Njia nzima, ndani ya feri, nimeiminya reale yangu kiganjani, nilikuwa nikisema moyoni: Bombay! Baharia wa watu amekwenda mpaka Aden kununua kitu cha Bombay.

Nilipofika sikungoja hata kuvua kofia. "Bibi, wajua hiyo yako huenda ilifuliwa Bombay?"

"Na hiyo yako?"

Nikafikiri. "Nayo pia, huenda."

"Basi wamekutana ndugu," akasema. "Leta tuwapime."

Alichukua mizani yake ya viungo, akahangaika na kifungo cha mkufu mpaka kikaachia, akaitoa reale yake, akaweka moja kila upande. Upande wangu ulishuka. Nilijisikia vizuri mno.

"Yako nzito," akasema.

"Naona."

"Yangu imelika. Miaka hii yote imesuguana na ngozi."

Maneno hayo yaliniingia kwa upole. Nikajiambia: amekaa na marehemu miaka isiyotimia mitatu, na mimi zaidi ya arubaini. Basi fedha iliyopungua imepungulia nyumbani kwangu, katika kunipikia, kulea wanangu, kuniuguza. Nilikaribia kutulia kabisa. Kisha wivu, ambao haulali, ukaniuliza: na hiyo fedha iliyolika imekwenda wapi, kama si ndani ya ngozi yake?

Nikasema, "Basi tutatoa hii yangu. Ni kamili, ina lulu zote."

"Maalim, mahari ni ya nani?"

"Ya mke."

"Na anayechagua ni nani?"

Alikuwa ananisomesha darsa yangu.

"Chukua zote mbili," akasema. "Bibi arusi atachagua mwenyewe."

Asubuhi ya nikaha nilikuwa nimeshavaa kanzu aliponiita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, mikono nyuma ya shingo, anahangaika. Usiku ule alikuwa ameivaa tena, kuiaga, alisema. Vidole vyake siku hizi vimekakamaa kwa baridi yabisi, na asubuhi ndiyo huzidi.

"Nifungulie."

Miaka yote ile sijawahi kukigusa kile kifungo. Nilisimama nyuma yake kama mtu aliyeambiwa afungue mlango wa jirani. Kilikuwa kidogo, kimeingiliwa na mafuta ya nazi ya miaka mingi. Hatimaye kikaachia. Reale ikaniangukia kiganjani, ya moto kwa joto lake. Pale ilipokuwa imekaa, chini ya koo, palikuwa na duara, weusi mwepesi wa fedha, kama muhuri uliogongwa kwenye karatasi. Nikageuza uso.

"Waenda na uso huo huo Mjambere?" akaniuliza.

"Nna mwengine?"

"Basi angalau tabasamu kwa mdomo."

Nikaha ilisomwa baada ya alasiri katika msikiti mdogo ulio mbele ya nyumba ya bibi arusi. Wanawake walikaa ndani ya nyumba, na spika iliwekwa dirishani wasikie. Kabla ya kuanza, nilimpa shangazi wa binti reale zote mbili kwenye leso, akaingia nazo. Nilikaa nikipokea salamu, nikijibu watu, macho yangu mlangoni. Nilikuwa nimemwomba Mungu, nasema kweli, nilikuwa nimemwomba Mungu binti aichague ile yangu. Naye Mola ana mambo makubwa ya kushughulikia Mjambere kuliko mimi.

Shangazi akarudi na leso, akaninong'oneza: "Asema ataka hii iliyotobolewa. Hii nyingine asema shukrani, irudi kwa babu."

Nikaitia ile nyingine mfukoni. Ilikuwa nzito kwelikweli.

Sheikh aliyekuja kuozesha aliuliza mahari. Nikaitoa reale, nikaiweka juu ya mto mbele ya walii. "Reale moja ya fedha," nikasema, na sauti yangu nikaisikia inatoka kwenye spika ya dirishani. "Iliyotobolewa."

Watu wakanyoosha shingo. Wengi hawakuwa wamewahi kuiona. Baba wa bibi arusi akaichukua, akaigeuza, akaona ilivyolika. Ni mtu mpole, na hakuwa na hila yoyote aliposema:

"MashaAllah. Hii si ndiyo ya bibi mwenyewe? Binti alitusimulia. Kumbe mzee wetu alimuoa mkewe kwa reale ya fedha! Ndugu zangu, mwaona ndoa za wazee? Mahari yamekaa shingoni mpaka yamelika!"

"MashaAllah!" wakaitikia. Mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu alinishika mkono akautikisa. "Hongera, yakhe. Wanaume wa namna yako wamekwisha."

Kila mtu alinitazama kwa mapenzi. Lile nililolitaka kwa miaka arubaini lilikuwa limewekwa mbele yangu juu ya mto. Hapakuwa na mtu wa kunipinga. Mwenye reale yuko kaburini Jibuti. Ningenyamaza tu, hata si uongo, kunyamaza tu, na reale ingekuwa yangu: katika kinywa cha watu wale, katika hadithi ya binti yule kwa watoto wake. Ilinipasa nikae kimya kwa muda wa kumeza mate.

Sikuweza. Na nisije nikadhaniwa mcha Mungu kuliko nilivyo: haikuwa taqwa iliyoniinua ulimi. Ulikuwa ni wivu ule ule. Nilihisi mkono wa mzee yule juu ya mkono wangu, na pongezi zile zikipita kwangu kama maji ya bomba kwenda kwa mtu mwingine. Nishukuriwe kwa fedha yake? Nipendwe kwa mkono wake? Hilo ndilo nisingelistahimili kamwe.

"Hapana," nikasema. "Sikuitoa mimi. Ilitolewa na mume wake wa kwanza, Mungu amrehemu." Na nikamtaja kwa jina lake, na jina la baba yake, kama ninavyomtaja kila Ijumaa. "Yeye alikuwa baharia. Mimi nilimuoa baada yake. Nilitoa shilingi."

Mzee wa pembeni akauachia mkono wangu. Kwenye dirisha la wanawake hata vikombe havikugongana. Sheikh akainua mikono, akamwombea marehemu, watu wakaitikia amin, nami nikaitikia. Kisha mjukuu wangu akaozwa.

Kurudi Mtongwe tulipewa gari lililojaa jamaa na sinia za biriani, hapakuwa na nafasi ya maneno. Mke wangu alikaa kiti cha mbele. Sikuona uso wake.

Asubuhi ya pili alinitengea chai, mahamri na mbaazi. Alikaa mbele yangu. Nikaona mkono wake umekwenda shingoni, umekuta hakuna kitu, umerudi mezani.

"Maalim. Kumbe jina lake walijua."

"Nalijua."

"Na la baba yake."

"Na la baba yake."

"Miaka yote hii hujalitamka hata mara moja. Mimi nilidhani umelisahau kusudi."

"Wewe ulikuwa ukimtaja kwa niaba ya nyumba nzima."

Akacheka, kisha akakunja ncha ya kanga. Niliona machoni mwake kitu nisichokijua, na nikakionea wivu papo hapo, maana sikujua ni cha nani.

"Ile yako iko wapi?" akauliza.

"Mfukoni mwa kanzu."

"Kaitoboe."

Hapo mtu mwenye akili angesema alhamdulillahi akamalizia chai yake. Mimi nikamuuliza: "Utaivaa kwa kuwa ni yangu, ama kwa kuwa shingo imezoea uzito?"

Akaniangalia, akavuta sahani ya mbaazi akaiweka upande wake.

"Wewe hushibi," akasema.

Nilivuka feri siku hiyo hiyo. Sonara alikumbuka reale yake, akaniuliza mambo yalikwendaje Mjambere, nikamwambia yalikwenda vizuri, kijana ameoa. Alitia alama kwa kalamu juu ya kichwa cha malkia, akauliza tundu liwe kubwa kiasi gani.

"Kiasi cha kupita mkufu tulio nao nyumbani," nikamwambia, na nikamwonyesha unene wake kwa vidole.

Alikuwa ameshaiweka chini ya keekee nilipokumbuka kwamba mkufu ule nao uliletwa kutoka Aden, na ni nani aliyeuleta.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Nionyeshe mikufu."